Kujenga Tabia Njema Ukubwani: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tabia yake imekwisha kupata umbo, anayejua angalau jambo moja ndani yake asiloridhika nalo, na anayetaka kulibadilisha kwa kazi badala ya nadhiri. Msingi wake una pande mbili. Upande wa kwanza ni falsafa, hasa ile ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale (384–322 KK), aliyefundisha kwamba maumbile yanatupa uwezo wa kupokea fadhila, yaani sifa njema za tabia kama ujasiri na ukweli, lakini hayatupi fadhila zenyewe. Hizo hutuingia kwa kutenda matendo yake tena na tena, hadi kutenda hivyo kukawa ndiyo hali yetu. Upande wa pili ni saikolojia ya majaribio ya karne ya 20, ambayo kwa muda mrefu iliuhoji upande wa kwanza kwa ukali. Sehemu kubwa ya hatua zilizomo humu imetokana na mabishano hayo, kwa hiyo inafaa tuanze nayo.

Kabla ya kuanza: majaribio yaliyotikisa imani ya zamani

Kati ya mwaka 1928 na 1930, Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 nchini Marekani. Watoto hao walipewa nafasi za kudanganya, kusema uongo na kuiba katika mazingira mbalimbali, bila kujua kwamba wanapimwa. Ilitarajiwa kwamba watoto waaminifu wangejitokeza kuwa waaminifu popote, na wadanganyifu vivyo hivyo. Haikuwa hivyo. Mtoto aliyebadilisha majibu yake katika mtihani hakuwa lazima yule aliyechukua pesa, na kujua alivyofanya katika jaribio moja kulisaidia kidogo tu kubashiri atakavyofanya katika jingine.

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwachunguza wanafunzi wa seminari ya Princeton waliokuwa wakitoka jengo moja kwenda jengo jingine kutoa hotuba. Njiani kila mmoja alimpita mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa na kugumia. Kati ya wale walioambiwa kwamba muda upo wa kutosha, asilimia 63 walisaidia kwa namna fulani. Kati ya wale walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, ni asilimia 10 tu. Baadhi yao walikuwa wakienda kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, na hilo halikuleta tofauti ya maana.

Baadhi ya wanafalsafa, John Doris akiwa mmojawapo, waliyasoma matokeo ya namna hii wakahitimisha kwamba sifa pana kama huruma na uaminifu, zilizo thabiti katika kila hali, ni nadra mno kwa binadamu. Kwa maoni yangu hitimisho hilo linafaa kupokelewa nusu. Walter Mischel, ambaye kitabu chake cha mwaka 1968 kilikuwa chanzo kikubwa cha mjadala huu, baadaye alifanya kazi na Yuichi Shoda na wenzake kambini kwa watoto, wakaona kwamba kila mtoto alikuwa na mpangilio wake: mmoja huwa mkali anapokemewa na mtu mzima lakini si anapochokozwa na wenzake, mwingine kinyume chake, na mipangilio hiyo ilijirudia. Naye William Fleeson alionyesha mwaka 2001 kwamba mtu hubadilika sana kutoka saa hadi saa, ilhali wastani wa mwenendo wake wa wiki moja hufanana sana na wa wiki nyingine. Tabia ipo, basi, lakini imefungamana na hali maalumu. Mtu anayetaka kuirekebisha hana budi kufuata hali hizo moja baada ya nyingine, na hapa ndipo maazimio mengi ya kuwa "mtu bora" yanapokwama.

Hatua ya kwanza: Chagua fadhila moja na utaje hali yake

Usianze na orodha. Chagua sifa moja, kisha uipunguze hadi iweze kuonekana kwa macho. Mtu anayesema "nataka kuwa mkweli" hajasema kitu kinachoweza kufanyiwa kazi. Anayesema "nataka kumweleza msimamizi wangu kwamba kazi imechelewa siku ileile ninapotambua, badala ya kungoja hadi aulize" amekwisha kutaja mahali, wakati, mtu na tendo. Nitautumia mfano huu wa mfanyakazi anayeficha ucheleweshaji katika mwongozo mzima, kwa kuwa ni kosa dogo kiasi cha kuvumilika na kubwa kiasi cha kuharibu imani, na makosa ya ukubwa huo ndiyo yanayojenga tabia zetu.

Ili kuipata hali yenyewe, andika matukio ya karibuni ambapo ulitenda usivyopenda. Tazama kilichotangulia kila tukio: nani alikuwepo, ulikuwa na haraka gani, ulikuwa unaogopa kupoteza nini. Mara nyingi utagundua kwamba mtu unayemwona kuwa mwongo ndani yako hujitokeza mbele ya watu wa aina moja tu. Mfanyakazi wetu huenda ni mkweli kabisa kwa wenzake, kwa mwenzi wake na kwa wageni. Anashindwa mbele ya mwenye mamlaka ya kumkaripia. Tatizo lake basi si ukweli kwa ujumla bali ni ujasiri, na kama asingeandika, angetumia mwaka mzima kutibu ugonjwa asio nao.

Hatua ya pili: Jua uko daraja gani

Aristotle alitenganisha hali za moyo ambazo sisi huzichanganya. Yuko mtu mwovu, anayechagua baya na kuona kwamba ndivyo inavyopasa. Yuko mtu dhaifu, anayejua lililo jema, anakusudia kulitenda, kisha tamaa au hofu inamshinda. Yuko mwenye kujizuia, anayetenda jema huku nafsi yake ikimvuta upande mwingine. Na yuko mwema, ambaye moyo na tendo lake vimekubaliana.

Tofauti hizi zina matumizi. Mtu wa daraja la kwanza anahitaji hoja, kwa sababu bado anaamini kwamba kuficha ucheleweshaji ni werevu wa kazini. Mtu wa pili hana upungufu wa hoja, na kumhubiria ni kumpotezea muda. Anahitaji mpango na mazingira mapya. Wa tatu anahitaji kuendelea na subira. Wengi wanaosoma miongozo kama huu ni wa daraja la pili, na bado hujitibu kwa dawa ya daraja la kwanza: wanasoma zaidi, wanajilaumu zaidi, wanasikiliza mawaidha zaidi.

Usijikadirie peke yako. Utafiti wa Simine Vazire uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika sifa ambazo kila mtu angependa kusifiwa nazo, kama vile akili, makadirio ya marafiki huwa karibu na ukweli kuliko ya mtu mwenyewe; ilhali katika mambo ya ndani, kama wasiwasi, mtu hujijua zaidi. Tafuta watu wawili au watatu wanaokuona katika hali uliyoitaja. Usiwaulize kama wewe ni mkweli, kwa maana adabu itawajibia. Waulize: "Ni lini mara ya mwisho ulihisi kwamba nilikuwa najua jambo na sikukwambia mapema?" Sikiliza bila kujitetea, na uandike maneno yao kama yalivyo.

Hatua ya tatu: Kusanya visingizio vyako

Ningependa msomaji akae hapa kuliko penginepo. Ni watu wachache wanaotenda baya huku wakijiambia kwamba ni baya. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza njia nane ambazo mtu hutumia kuizima dhamiri yake bila kuibadilisha: kulivika tendo lengo tukufu, kulipa jina laini, kulilinganisha na baya kubwa zaidi, kumsukumia wajibu aliyetoa amri, kuutawanya wajibu ndani ya kundi, kuyapuuza madhara, kumvua utu anayeumizwa, na kumtwisha lawama huyohuyo. Msome mfanyakazi wetu kwa orodha hiyo. "Simfichi, nasubiri nipate picha kamili" ni jina laini. "Wenzangu wanaficha miezi" ni ulinganisho. "Yeye mwenyewe hataki kusikia habari mbaya" ni lawama kwa anayedanganywa. Kila kauli ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya ifanye kazi.

Jaribio moja la Batson na wenzake la mwaka 1997 linaonyesha ukubwa wa tatizo. Washiriki waliambiwa wagawe kazi mbili, moja ya kuvutia na moja ya kuchosha, kati yao na mtu wasiyemwona, na wakapewa sarafu ya kurusha ikiwa wangependa kugawa kwa haki. Kati ya walioirusha, 9 kati ya 10 walijikuta wamejipa kazi nzuri, jambo ambalo sarafu haiwezi kulifanya yenyewe. Walitaka kuonekana waadilifu, hata machoni pao wenyewe, pasipo kulipa gharama ya uadilifu. Katika jaribio la baadaye mshiriki aliwekewa kioo mbele yake, na mgawanyo wa waliorusha sarafu ukawa wa haki.

Kazi ya hatua hii ni kujiwekea kioo cha maandishi. Kila unapoiacha nafasi ya kutenda ulilolikusudia, andika sababu uliyojipa wakati huohuo, kwa maneno yaleyale, kabla hujaitengeneza. Baada ya wiki chache utaona kwamba visingizio vyako si vingi. Ni viwili au vitatu vinavyozunguka. Ukishavijua kwa sura, vinapoteza nguvu nyingi, kwa sababu kisingizio hutegemea kuonekana kama wazo jipya lililotokana na mazingira ya leo.

Hatua ya nne: Badilisha mazingira, kisha panga tendo

Somo la seminari ya Princeton ni kwamba haraka inaweza kumfanya mtu wa dini ampite mgonjwa. Jibu la busara ni kupunguza haraka kabla ya kujitahidi kuongeza huruma. Tafiti za kujitawala nazo zinaelekea hukohuko: watu wanaosifika kwa kujitawala hawaonekani kupigana na vishawishi zaidi ya wengine, bali huyapanga maisha yao kiasi kwamba vishawishi hukutana nao mara chache. Wazo lililovuma zamani kwamba utashi ni akiba inayoisha kwa kutumiwa lilijaribiwa upya mwaka 2016 na maabara 23 kwa pamoja, na athari iliyotarajiwa haikuonekana. Hivyo basi usiupange mpango wako juu ya kuitunza akiba hiyo; upange juu ya mazingira.

Mfanyakazi wetu anaweza kuomba kikao kifupi cha kila wiki ambamo ucheleweshaji ndio ajenda ya kwanza. Kwa njia hiyo hahitaji tena kuamua kama aseme. Swali linakuja lenyewe, na kunyamaza kunakuwa kitendo cha makusudi.

Baada ya mazingira, andika kauli yenye sehemu mbili: ikiwa hali fulani itatokea, basi nitafanya tendo fulani. Peter Gollwitzer aliichunguza mbinu hii kwa miaka mingi, na mapitio yake na Paschal Sheeran ya mwaka 2006, yaliyokusanya majaribio 94, yalikuta kwamba wanaopanga hivyo hufikia malengo yao kwa kiwango kikubwa kuliko wanaobaki na nia tu. Kauli ya mfano wetu ingekuwa: "Ikiwa nitagundua kwamba tarehe haitafikiwa, basi nitatuma ujumbe wa mistari mitatu kabla ya kuondoka kazini siku hiyo." Hali itajwe kwa namna ambayo huwezi kuikosa, na tendo liwe dogo kiasi kwamba hakuna mjadala wa ndani unaohitajika.

Tahadhari moja kuhusu mbinu za mkato: mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliodai kwamba mtu akitia saini juu ya fomu, kabla ya kuijaza, husema ukweli zaidi kuliko akitia saini chini. Ofisi nyingi zilivutiwa. Mwaka 2021 makala hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha, baada ya kugundulika kwamba sehemu ya takwimu zake za uaminifu ilikuwa ya kughushi.

Hatua ya tano: Tenda, na uelemee upande usioupenda

Utafiti wa Nathan Hudson na wenzake wa mwaka 2019 uliwapa watu waliotaka kubadilika changamoto ndogo za kila wiki. Waliozitekeleza kwa wingi walibadilika kuelekea walikotaka. Kuzipokea bila kuzitekeleza hakukuwasaidia wengine, na kwa baadhi ya sifa kuliendana na kurudi nyuma. Kwa hiyo ahidi kidogo kuliko unavyoona unaweza.

Kuhusu muda, watu hupenda kutaja siku 21, namba isiyo na msingi wa utafiti. Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya; muda wa katikati wa kufikia kilele cha kutenda bila kufikiri ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mwendo wote. Kumbuka tu kwamba hayo yalikuwa mazoea ya kula, kunywa na kufanya mazoezi, yasiyo na mtu wa upande wa pili anayeweza kukasirika. Kusema ukweli mbele ya bosi ni jambo gumu zaidi, na si la kila siku, kwa hiyo hesabu nafasi ulizozitumia badala ya kuhesabu siku.

Aristotle aliongeza shauri ambalo nimeona linapuuzwa. Alisema kila fadhila imesimama kati ya kupungua na kuzidi, na kwamba kila mtu ana upande unaomvuta kwa maumbile. Ili kufika katikati, ni lazima ajivute kwa makusudi kuelekea upande wa pili. Mwoga afanye kwa muda mambo yanayoonekana kwake kuwa ya kijasiri kupita kiasi. Mfanyakazi wetu anapaswa, kwa miezi ya mwanzo, kutoa taarifa hata ya ucheleweshaji mdogo ambao wengine wangenyamaza. Kipimo chake cha "kiasi" kimepinda tangu zamani, na kitakachoonekana kwake kuwa ni kuzidisha huenda ndicho kiasi cha haki.

Hatua ya sita: Jihesabu kila jioni, kwa ukali wenye mpaka

Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alieleza kwamba usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akiwa amenyamaza kwa kuijua desturi yake, aliipitia siku yake yote bila kujificha chochote. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliliweka jambo hilo katika utaratibu mpana zaidi: mtu aichukulie nafsi yake kama mshirika wa biashara, awekeane nayo masharti asubuhi, aichunge mchana, na afanye nayo hesabu mwisho wa siku. Kinachonivutia katika utaratibu wa Ghazali ni sehemu ya asubuhi. Hesabu ya jioni bila masharti ya asubuhi huishia kuwa majuto ya jumla.

Maswali matatu yanatosha: hali niliyoitaja ilitokea? Nilifanya nini? Nilijiambia nini? Dakika tano zinatosha pia. Zikizidi, mtu huanza kujifurahisha kwa kujilaumu.

Mpaka ninaousema unahusu tofauti ambayo June Tangney ameichunguza kwa miongo kadhaa. Hatia inasema "nimefanya jambo baya" na humsukuma mtu kurekebisha. Aibu inasema "mimi ni mbaya" na humsukuma kujificha, kukana, au kuwageuzia wengine hasira. Ukijikuta jioni unaandika hukumu juu ya nafsi yako yote, rudi kwenye tendo. Kama kuna mtu aliyeumia, andika utakachomfanyia kesho. Kama hayupo, andika kauli ya "ikiwa" upya, kisha ufunge daftari.

Hatua ya saba: Rekebisha jicho pamoja na mkono

Kanuni uliyojiwekea itafika mahali pasipoifaa. Kuna ukweli unaosemwa ili kuumiza, na kuna taarifa za kila saa zinazompa msimamizi mzigo wa hofu yako. Kujua nani aambiwe nini, lini na kwa namna gani ndiko Aristotle alikokuita busara ya matendo, na akasema hakuna fadhila kamili bila hiyo. Haifundishiki kwa kanuni. Hukua kwa kupitia matukio yako pamoja na mtu mwenye uzoefu na kumuuliza angeona nini wewe usichokiona.

Mwanafalsafa Iris Murdoch, katika kazi yake ya mwaka 1970, alitoa mfano wa mama anayemdharau mke wa mwanawe, akimwona hana adabu na ana tabia za kitoto. Hamwonyeshi dharau hiyo hata siku moja. Lakini anatambua kwamba huenda ana wivu na fikra za kizamani, anaamua kumtazama upya kwa haki, na taratibu anaona uchangamfu mahali alipoona utovu wa adabu. Kwa nje hakuna kilichobadilika, na hata hivyo mama huyo amefanya kazi ya kimaadili. Mara moja kwa wiki, fanya kazi hiyo kwa mtu anayehusika na hali yako. Mfanyakazi wetu amtazame msimamizi wake: je, ni mkali kweli, au ni mtu aliyechoka kupata habari dakika ya mwisho?

Hatua ya nane: Chagua watu, na upunguze kujitangaza

Anne Colby na William Damon waliwahoji watu 23 waliotambuliwa kuwa vielelezo vya maadili na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Wengi wao hawakusimulia vita kubwa za ndani. Waliona walilolitenda kuwa sehemu ya wao ni nani, na waliendelea kubadilika hadi uzeeni kwa kuathiriwa na watu waliofanya nao kazi. Tafuta basi mtu aliye mbele yako kidogo katika hali ileile, usiridhike na shujaa wa mbali.

Kujitangaza kuna hatari yake. Benoît Monin na Dale Miller walionyesha mwaka 2001 kwamba waliopata nafasi ya kudhihirisha kutokuwa na ubaguzi walijiona huru zaidi, baada ya hapo, kufanya chaguo lenye dalili za ubaguzi. Sifa ya jana huwa kibali cha leo. Mwambie msiri mmoja anayeweza kukuhoji, na wengine waone wenyewe.

Lini uhamie kwenye sifa nyingine

Aristotle alitoa kipimo: tazama raha na maumivu yanayoandamana na tendo. Anayetoa taarifa huku akitetemeka bado ni mwenye kujizuia, na hilo ni jambo la heshima. Usingoje tetemeko liishe kabisa, kwa sababu kwa baadhi ya watu halitaisha. Ngoja hadi kuficha kuwe ndiko kunakokukosesha usingizi kuliko kusema. Hapo iache kauli yako ya "ikiwa" ifanye kazi, acha kikao cha kila wiki kiendelee, chukua ukurasa mpya, na urudi hatua ya kwanza na hali inayopakana na hiyo: labda ni kusema mapema nyumbani, labda ni kukubali kukosolewa na aliye chini yako. Hali ya jirani hurithi sehemu ya kazi uliyokwisha kuifanya. Ya mbali itakudai uanze karibu na mwanzo.